Mtafutaji Aliyechoka Bila Kupata: Kufichika kwa Mungu na Swali la Kuwapo Kwake

Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Methali hii inamwacha nje mtu mmoja: yule aliyetafuta kwa moyo wake wote, akachoka, na mkononi hana kitu. Katika mambo mengi ya dunia tungemwambia hakutafuta vya kutosha, au alitafuta mahali sipo. Lakini kama anamtafuta Mungu, ambaye waumini tunasema yuko kila mahali, anasikia hata lile lisilotamkwa, na anampenda mtafutaji huyo kuliko mama anavyompenda mwanawe, jibu hilo halikai. Mungu wa namna hiyo hapotei. Akitaka kujulikana, nani wa kumzuia? Basi mbona wapo watu waliomwita miaka nenda miaka rudi, na hawakusikia kitu?

Swali hili linaitwa kufichika kwa Mungu. Kwa karne nyingi lilikuwa kilio cha waumini wenyewe, na kilio hicho kimo ndani ya vitabu vyao. Isaya, katika sura ya 45, anamwita Mungu wa Israeli kuwa ni Mungu anayejificha. Mwaka 1993 mwanafalsafa wa Kanada, J. L. Schellenberg, alikigeuza kilio hicho kuwa hoja: kama Mungu mwenye upendo mkamilifu angekuwapo, hali tunayoiona isingekuwapo. Tangu hapo suala hili limekuwa likitajwa pamoja na lile la uovu duniani kila wanafalsafa wanapozipima hoja za kumkana Mungu.

Hoja hizi mbili ni tofauti, ingawa watu huzichanganya. Hebu tuchukulie dunia isiyo na njaa, vita, maradhi wala msiba. Hata humo angeweza kuwapo mtu mwenye afya na furaha ambaye, akiitazama dunia na kuutazama moyo wake, haoni dalili yoyote ya Mungu. Mtu huyo haulizi kwa nini anateseka. Anauliza kwa nini hajatambulishwa.

Neno moja, mambo matatu

Mjadala huu mara nyingi unazunguka palepale kwa sababu mmoja anauliza la mashariki na mwingine anajibu la magharibi. Neno "kufichika" linabeba mambo matatu, na kila moja lina historia yake.

Nitoe mfano. Kijana amelelewa na walezi tangu akiwa mchanga. Alipofika miaka ishirini wanamwambia: mama yako mzazi yu hai, anakupenda sana, na anuani yake ni hii. Kijana anaandika barua na kusubiri. Anaandika ya pili, safari hii anaweka picha yake ndani ya bahasha na nyuma ya picha anaandika tarehe yake ya kuzaliwa, asije akadhaniwa ni mtu mwingine. Miaka mitano inapita bila jibu hata la mstari mmoja. Anaanza kuwaza kwamba huenda mama huyo hayupo, na kwamba walezi waliambiwa hadithi wakaiamini. Watu watatu wanakuja kumtuliza. Wa kwanza anasema: mama yako ni mtu wa ajabu, hakuna awezaye kumwelewa. Wa pili anasema: hata mimi mama yangu huninyamazia wakati mwingine, lakini najua ananipenda. Wa tatu anamkazia macho: una hakika kweli unataka kumpata?

Kijana anawajibu: sikuuliza yukoje, wala sikuuliza kwa nini amenyamaza. Nauliza kama yupo.

La kwanza kati ya yale matatu ni kufichika kwa dhati ya Mungu, yaani kwamba alivyo Yeye mwenyewe hakufikiwi na akili wala macho. Hapa dini hazigombani sana. Katika Kutoka 33 Musa anaomba kuuona utukufu wa Mungu na anaambiwa hakuna mwanadamu atakayemwona akaishi. Katika Qurani, sura ya 7 aya ya 143, Musa anaomba jambo hilohilo. Mola anajidhihirisha kwa mlima, mlima unavunjikavunjika, na Musa anaanguka amezimia. Miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu yamo Adh-Dhahir na Al-Batin, wa dhahiri na wa siri, na yametajwa pamoja katika aya moja, ya 3 ya sura ya 57. Kufichika kwa namna hii si hoja dhidi ya Mungu hata kidogo. Mungu tunayemmaliza kwa akili zetu angekuwa mdogo kuliko akili zetu.

La pili ni ukimya, na hili ni la waumini. Mtu anaamini, anasali, na ghafla anahisi mbingu zimefungwa. Zaburi ya 13 inauliza, "Hata lini utanificha uso wako?" Zaburi ya 22 inaanza na maneno ambayo Yesu aliyarudia msalabani: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Mtume Muhammad (s.a.w.) alipitia kipindi ambacho wahyi ulikatika, washirikina wakasema Mola wake amemwacha, ndipo ikashuka sura ya 93 kumhakikishia kwamba hakuachwa wala hakukasirikiwa.

Desemba 1577 Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania, alikamatwa na ndugu wa shirika lake mwenyewe waliopinga mageuzi aliyoyaunga mkono. Walimfungia mjini Toledo, katika chumba chembamba ambacho mwanga wake uliingia kwa upenyo mdogo juu ukutani, hata akitaka kusoma sala zake ilibidi apande juu ya kibao. Alikaa humo karibu miezi tisa, akipigwa na kunyimwa nguo ya kubadilisha, mpaka alipotoroka Agosti 1578. Humo gizani ndimo alimotunga sehemu kubwa ya utenzi wake maarufu, na swali la kwanza kabisa la utenzi huo analiuliza kwa Mpenzi wake: umejificha wapi? Ukizisoma beti zile unaona kwamba anayeuliza hana shaka kwamba kuna anayeulizwa.

Mama Teresa wa Calcutta ni wa njia hiyohiyo. Alifariki mwaka 1997, na barua zake za siri zilipochapishwa mwaka 2007 dunia ilishtuka kusoma kwamba kwa karibu miaka hamsini, ukiacha vipindi vifupi, hakuhisi uwapo wa Mungu aliyemtumikia. Wapo waliosema barua zile zinaonyesha kwamba kwa siri alikuwa mkanamungu. Naona wamemsoma vibaya. Maumivu yake yote yanatokana na kumpenda asiyemsikia, na sehemu ya maneno yale anamwambia Yeye mwenyewe. Ule ni ukimya ndani ya uhusiano, kama wa yule mtu wa pili ambaye mama yake humnyamazia lakini anamjua.

Kijana wa barua hana uhusiano wa kunyamaziwa. Yake ni namna ya tatu, na ndiyo iliyomshughulisha Schellenberg.

Hoja yenyewe

Ni hoja fupi, lakini ukiisoma haraka utaikosa. Inaanza na upendo, wala haitaji kwanza sayansi au miujiza. Anayempenda mtu kikamilifu hamfungii mlango wa uhusiano. Hamlazimishi kuingia, ila mlango anauacha wazi wakati wote. Lakini uhusiano wa kujuana hauwezekani na mtu ambaye hata huamini kwamba yupo: huwezi kumshukuru, kumlalamikia, kumwegemea wala kumwomba msamaha. Na kuamini si jambo unaloliamua asubuhi ukiamka. Jaribu sasa hivi kuamini kwamba una ndugu pacha usiyemjua, uone kama utaweza. Kwa hiyo Mungu mwenye upendo mkamilifu angehakikisha kwamba kila mwenye uwezo wa kuhusiana naye, na ambaye hajamkataa kwa makusudi, walau anaamini kwamba yupo. Wapo, hata hivyo, watu wasioamini bila ukaidi wowote. Hivyo, anahitimisha, Mungu huyo hayupo.

Tazama hoja inadai nini. Haidai Mungu ajionyeshe angani. Mwanafalsafa wa Marekani N. R. Hanson, aliyefariki mwaka 1967, aliwahi kusema angeamini kama mbingu zingefunguka na jitu kubwa mfano wa Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, likatokea mbele ya dunia nzima na kumwita kwa jina. Schellenberg haombi kitu kama hicho. Anachoomba ni kidogo sana: utambuzi wa ndani, mtulivu, unaomtosha mtu kujua kwamba kuna wa kusema naye.

Uzito wote umelala juu ya maneno mawili, "bila ukaidi". Ni nani hao? Yupo aliyelelewa mahali ambapo wazo la Mungu mmoja mwenye kupenda halikuwahi kumfikia. Yupo aliyepima ushahidi akaona mizani haielemei upande wowote. Yupo aliyeamini toka utotoni, imani ikamponyoka taratibu huku akiishikilia, akalia siku alipotambua kwamba maneno ya sala yanatoka kinywani na hayaendi kokote. Nimewahi kukaa na mtu wa namna hiyo. Aliniambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba bado huamka alfajiri saa ileile aliyokuwa akisali, anakaa kitandani, na hajui afanye nini na saa hiyo.

Mwaka 2006 Stephen Maitzen, naye wa Kanada, aliongeza jambo la kijiografia. Alilinganisha Saudi Arabia, ambako karibu kila raia anaamini Mungu mmoja, na Thailand, ambako zaidi ya asilimia 90 ya watu ni Mabudha na imani katika Mungu muumba si msingi wa dini yao. Ukisema wasioamini ni wakaidi, itabidi ueleze kwa nini ukaidi unafuata mipaka ya nchi. Wengine wakapanua swali kwa wakati: binadamu wa aina yetu wamekuwapo kwa takriban miaka 300,000, na maandishi yanayomtaja Mungu mmoja mwenye kupenda ni ya miaka elfu chache tu iliyopita. Waumini tunalo jibu, kwamba Adamu alimjua Muumba wake na waliofuata ndio waliosahau. Ila jibu hilo linahamisha swali tu. Mjukuu aliyezaliwa baada ya watu kusahau, yeye alikosa nini?

Wanaosema hakuna mtafutaji wa kweli

Jibu la zamani kuliko yote ni kukana kwamba wapo wasioamini bila ukaidi. Paulo, katika Warumi 1, anasema mambo ya Mungu yasiyoonekana yanafahamika kwa viumbe vyake, hata watu hawana udhuru. Qurani, sura ya 7 aya ya 172, inasimulia ahadi ambayo kizazi chote cha Adamu kiliulizwa, "Je, Mimi siye Mola wenu?" nacho kikakiri, hapo ndipo Waislamu wengi wanapoegemeza fundisho la fitra, kwamba kila mtu huzaliwa na mwelekeo wa kumjua Mungu. Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti wa karne ya 16, alifundisha jambo la karibu na hilo kwa Wakristo.

Sitaki kulidharau jibu hili. Kujidanganya kupo, tena kwa wajanja zaidi kuliko kwa wajinga, na kila mtu anajua jambo moja walau ambalo hakutaka kuliona mpaka lilipomlazimisha. Lakini ukilitumia kwa mtu aliye mbele yako, unadai kuusoma moyo wake kuliko anavyousoma mwenyewe. Na ajabu ni kwamba mapokeo ya dini zenyewe hayakukubaliana kuwahukumu hivyo. Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba waliokuwa mbali hata hawakupata habari za Mtume wana udhuru, na kwamba waliofikiwa na sura iliyopotoshwa tu ya Mtume nao wana udhuru. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati ya 21 Novemba 1964 juu ya Kanisa, aya ya 16, ulisema kwamba Mungu hawanyimi msaada unaohitajika kwa wokovu wale ambao, bila kosa lao, hawajafikia kumjua Mungu waziwazi na wanajitahidi kuishi vema.

Tafakari maneno "bila kosa lao". Kanisa lenye waumini wengi kuliko yote ya Kikristo limeandika rasmi kwamba watu wa namna hiyo wapo, miaka 29 kabla ya kitabu cha Schellenberg. Katika hoja yake, nguzo ambayo waumini wengi huikimbilia kuibomoa ni ileile ambayo maaskofu walikuwa wameshaikubali. Wao hawakuona hatari, kwa sababu walikuwa wanauliza kuhusu wokovu, na kuhusu wokovu walikuwa na tumaini. Lakini swali la kijana wa barua halikuwa kama atarithi nyumba ya mama yake siku moja.

Wanaosema tunaachiwa hiari

Jibu linalopendwa zaidi leo ni la hiari. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, mwaka 1788 aliandika kwamba kama Mungu na umilele vingekuwa mbele ya macho yetu muda wote, tungetii sheria, ndiyo, lakini wengi wangetii kwa hofu, wachache kwa matumaini, na hakuna ambaye angetii kwa wajibu. Tungecheza kama vikaragosi, na uhai wa kimaadili usingekuwapo. Mwaka 1966 John Hick, mwanateolojia wa Uingereza, aliliendeleza wazo hili kwa kusema Mungu ameweka umbali wa ujuzi kati yake na sisi, ili tumwendee kwa uhuru.

Kuna ukweli hapa. Dereva aliyeona askari mbele hupunguza mwendo, na hatumsifu kwa hilo. Mungu anayesimama juu ya kila njia panda angetupa nidhamu, asitupe wema.

Hata hivyo jibu hili linakwama mahali ambapo waumini wenyewe wangepaswa kupaona kwanza, yaani katika vitabu vyao. Ibilisi alijua Mungu yupo. Kwa masimulizi ya Qurani alisemeshwa naye moja kwa moja, na bado akakataa kusujudu. Wana wa Israeli waliuona mlima wa Sinai ukifuka moshi, na kabla Musa hajashuka wakawa wameshasubu ndama wa dhahabu. Adamu alikuwa bustanini. Kujua kwamba Mungu yupo hakujamnyima yeyote kati yao nafasi ya kuasi. Pia Musa, Isaya, Paulo na mitume wengine, waliopewa uhakika ambao sisi hatuna, hawahesabiwi na mtu yeyote kuwa vikaragosi. Kant anamjibu Hanson na Zeus wake wa mawinguni. Hamjibu mtu anayeomba uhakika mdogo wa kutosha kuanza mazungumzo.

Moto na nuru

Jibu ninaloliona zito zaidi ni la moyo, na aliyelisema vizuri ni Blaise Pascal, mwanahisabati na mwanafikra wa Ufaransa. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1670, miaka minane baada ya kifo chake, anasema kuna mwanga wa kutosha kwa wanaotamani kuona, na giza la kutosha kwa wenye nia iliyo kinyume. Mungu, kwa maoni haya, hataki kujulikana tu kama tunavyojua kwamba mwezi upo. Anataka kupendwa, na ujuzi usiobadilisha moyo ungetufanya wenye kiburi cha kumjua. Paul Moser, mwanafalsafa wa Marekani, ameliendeleza hili siku za karibuni: anasema tumezoea kutaka ushahidi kama watazamaji, ilhali Mungu hutoa ushahidi kwa aliye tayari kubadilishwa.

Pascal hakuwa anasema kwa kukisia. Usiku wa Jumatatu, 23 Novemba 1654, kuanzia saa nne na nusu hivi mpaka kama saa sita na nusu usiku, alipatwa na jambo ambalo alilieleza kwa neno moja juu ya karatasi: Moto. Chini yake akaandika Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo, si wa wanafalsafa na wanazuoni. Akaishona karatasi ile ndani ya koti lake, na kila alipobadilisha koti alikuwa akiifumua na kuishona upya. Hakumwambia mtu. Mtumishi aliikuta kwenye bitana baada ya yeye kufa mwaka 1662.

Ghazali naye anasimulia kwamba katika ujana wake alishikwa na shaka iliyomfanya asiamini hata macho yake wala misingi ya akili, na ilidumu karibu miezi miwili. Anasema hakuponywa kwa hoja iliyopangwa, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake.

Niseme wazi: mimi ni mwamini, na shuhuda hizi mbili zimenishika kuliko hoja zote za vitabuni. Lakini nimekuja kuona kwamba zinaongeza makali ya swali badala ya kuyapunguza. Ikiwa Mungu anaweza kuwasha moto kwa saa mbili katika chumba cha mtu mmoja usiku wa Novemba, bila kumvunjia hiari, bila kumfanya kikaragosi, basi anaweza. Na kama nuru hutiwa kifuani, yule anayekaa kitandani alfajiri asijue afanye nini na saa ile, kifua chake kina kasoro gani ambayo cha Ghazali hakikuwa nayo? Nikimwambia hakuwa tayari, nimerudi kwa yule mtu wa tatu anayemkazia kijana macho.

Wanaohoji upendo wenyewe

Imebaki njia moja, nayo haigusi mtafutaji kabisa. Inagusa dai la kwanza, lile la upendo. Michael Rea, mwanafalsafa Mkristo wa Marekani, mwaka 2018 alitoa kitabu akisema kosa la Schellenberg ni kuchukua upendo wa mzazi bora wa kibinadamu, kuukuza mpaka ukomo, kisha kuuita wa Mungu. Mungu ni mwingine kabisa, anasema. Upendo wake haulazimiki kuweka manufaa yetu mbele ya kila kitu kingine. Hapa lile jambo la kwanza, kufichika kwa dhati, linarudi kwa mlango mwingine, na safari hii linafanya kazi.

Katika mapokeo ya Kiislamu wazo la karibu na hili lilikuwapo karne nyingi kabla. Ghazali anasema Mungu amefichika kwa wingi wa kudhihiri kwake. Vitu hujulikana kwa vinyume vyake: tunautambua mwanga wa jua kwa sababu jua huchwa, na kama lisingechwa kamwe tungedhani rangi zinaonekana zenyewe. Mungu hachwi. Hakuna dakika ambayo hayupo ili tuilinganishe na dakika aliyopo.

Ni wazo zuri, na nalipenda. Gharama yake, hata hivyo, lazima isemwe. Tukimwambia mtu kwamba upendo wa Mungu haufanani na upendo tunaoujua, hatuwezi kesho yake kumhubiria kwamba Mungu ni baba anayekimbia kumlaki mwanawe. Neno ni moja. Likiachwa liwe na maana ya kawaida, hoja ya Schellenberg inauma. Likivuliwa maana ya kawaida, mahubiri yanapungua uzito. Rea mwenyewe anaujua ugumu huu, na sehemu kubwa ya kitabu chake anaitumia kuonyesha kwamba hata kilio na malalamiko kwa Mungu ni njia ya kushiriki naye.

Kuna pia wanaosema tusidhani tungeziona sababu za Mungu hata kama zipo, kwa kuwa akili yetu mbele yake ni kama ya mtoto mchanga. Inawezekana. Ila kanuni hiyo ukiipokea inakula pande zote: asiyejua kwa nini Mungu amenyamaza hawezi pia kudai anajua kwa nini alisema.

Hoja inafika wapi

Hata ikisimama bila kutikiswa, hoja hii haimwondoi Mungu wa kila namna. Msukumaji wa kwanza wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yaani Mungu anayejitafakari mwenyewe na kutoshughulika na mtu, haguswi nayo. Muumba aliyeiwasha dunia akaenda zake haguswi. Anayeguswa ni Mungu wa upendo mkamilifu anayetaka kujulikana na kila nafsi, yaani yule hasa ambaye watu husali kwake. Schellenberg mwenyewe hakuishia kusema hakuna kitu zaidi ya mata. Katika vitabu vyake vya baadaye anatetea uwezekano wa uhalisia mkuu usioelezeka kwa picha ya Mungu mwenye nafsi, na anafikiri binadamu bado ni wachanga mno katika kuutafuta.

Vilevile hakuna anayelazimika kulipima jambo hili peke yake. Mwenye sababu nyingine za kuamini, zikiwa za asili ya ulimwengu, za dhamiri au za maisha aliyoyaishi, ataiweka hoja hii kwenye mizani pamoja nazo, na mizani inaweza kubaki upande wa imani. Mimi yangu imebaki huko. Ila sijifanyi kwamba upande wa pili wa mizani ni mtupu, na sioni jibu hata moja kati ya haya ambalo ningeweza kumsomea yule rafiki wa alfajiri na kulikunja karatasi kana kwamba kazi imekwisha.

Nilichoweza kumpa ni Zaburi ya 88. Karibu zaburi zote za maombolezo hugeuka kabla ya mwisho: mwombaji hulia, halafu hutokea mstari wa tumaini au wa sifa. Ya 88 haigeuki. Mwombaji anasema analia mchana na usiku, anauliza kwa nini Mungu anamficha uso wake, hapati jibu, na katika Kiebrania neno lake la mwisho ni giza. Waliokusanya kitabu cha sala cha Israeli waliiona ilivyo, na hawakuiongezea mstari.